Uhai wa ganda la risasi: maana yake nini?

Wapiga shabaha wanaojijazia risasi wenyewe hawaachi kuulizana: ganda hili limejazwa mara ngapi? Mara tano, mara tisa, ishirini. Idadi hiyo ndiyo uhai wa ganda. Haupimwi kwa miaka. Ganda lililokaa pakavu miaka thelathini bila kupigwa bado ni bichi, na la jana linaweza kuwa limeshafika mwisho.

Ganda la bunduki hufinyangwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa asilimia 70 hivi za shaba na 30 za zinki. Risasi ikipigwa, kichwa kinakwenda zake, baruti inaungua, ganda linabaki. Hung'olewa praima (kijikombe kinachowasha baruti) iliyokwisha kazi kitakoni, likasukumwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi umbo lake, kisha hutiwa praima mpya, baruti na kichwa kingine.

Shaba hii inapendwa kwa sababu inajua kuvimba na kunywea. Baruti ikiwaka, ganda hujibana kwenye kuta za chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi, gesi ikakosa njia ya kurudi nyuma. Shinikizo likishuka, linanywea kidogo, ndiyo maana linachomoka bila ubishi. Lakini halinywei lote. Kilichobaki humaliziwa na kalibu. Vimba, banwa, vimba, banwa. Shaba inakakamaa taratibu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa pale pale.

Wengi hulaumu baruti. Ni kweli shinikizo lina lake: risasi ya .308 Winchester inaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .45-70 ya zamani huishia 28,000, na maganda yake huishi zaidi. Ila kwangu mimi mkosaji mkubwa ni nafasi. Chemba ikiwa pana na kalibu ikibana kupita kiasi, ganda husafiri mbali kati ya kuvimba na kubanwa kila linapopigwa. Tazama risasi ya .303 British ndani ya Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza. Hushikiliwa na ukingo wa kitako, si mabega (pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni), na chemba nyingi za bunduki hizo zilikatwa kwa kulegeza ili risasi yenye vumbi na tope isikwame vitani. Askari alifaidika, mjaza risasi wa leo analipia kwa maganda. Anayesukuma mabega ya ganda nyuma kwa sehemu tatu hadi tano tu za mia za milimita huvuna mara nyingi zaidi kuliko anayebana mpaka mwisho wa kalibu.

Kifo kinachoonekana zaidi ni ufa wa shingoni. Si cha kutisha sana, na kinaweza kuahirishwa kwa moto: shingo na mabega hupashwa kwa sekunde chache, shaba ikalainika upya. Kitako kisiguswe na joto hilo kabisa, maana ndicho kinachobeba shinikizo, na kikilainika hakuna dawa ya kukirudisha. Zile rangi za buluu na kahawia kwenye shingo za maganda ya kijeshi si uchafu. Ni alama ya moto huo huo wa kiwandani.

Kifo kibaya ni cha kukatika karibu na kitako. Shaba hutiririka kuelekea mdomoni kila mzunguko, ndiyo maana midomo hupunguzwa ikirefuka, na inakotoka kuta huwa nyembamba. Kwa nje utaona mstari unaong'aa, umelizunguka ganda juu kidogo ya kitako. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake, inoe kidogo, iteremshe ndani mpaka sakafuni kisha ipandishe huku ikikwaruza ukuta. Ikiteleza, salama. Ikinasa kwenye kijifereji, ganda hilo limekwisha, hata kama shingo yake ni nzuri kama mpya.

Kisha kuna tundu la praima. Likitanuka kiasi kwamba praima inaingia kwa kusukumwa na kidole, hapo hakuna moto wala kalibu ya kusaidia.

Hata ganda lisilopigwa linaweza kufa. Karne ya 19, risasi za jeshi la Uingereza huko India zilikuwa zikipata nyufa ghalani msimu wa mvua. Chanzo kiligunduliwa baadaye sana: amonia, iliyotokana na mkojo wa farasi, ilikuwa ikiila shaba iliyobaki na mkazo wa kufinyangwa. Kwa hiyo visafishio vyenye amonia viwekwe mbali na maganda.

Maganda yaliyojazwa pamoja hukaa boksi moja, na hesabu huandikwa juu ya kifuniko. Moja likinasa waya, mengine yote ya boksi hilo yachunguzwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa yamevimba na kubanwa mara zile zile. Yaliyokwisha hubanwa midomo kwa koleo kabla ya kutupwa kwenye chuma chakavu, asije mtu akayaokota na kuyajaza tena.