Pabu iliyofunguliwa kama kitanda

Kuna pabu moja, yaani baa ya Kiingereza, hapa Manchester inaitwa The Old Wellington, ipo Shambles Square karibu kabisa na kanisa kuu, kuta nyeupe mbao nyeusi, imepindapinda kama mzee aliyebeba gunia siku nzima. Wageni wanapiga picha wanaambizana ona, imesimama hapa tangu 1552. Kujengwa 1552 ni kweli. Kusimama hapa, hapana bwana, hapa imesimama tangu 1999, kabla ya hapo ilikuwa mahali pengine, si mbali na ilipo leo.

Mimi ni seremala, nimeanzia kwenye karakana ya vitanda na milango kule Tanga na sasa hivi natengeneza majengo ya zamani ya mbao huku kaskazini mwa Uingereza, na watu wakishajua hivyo swali la kwanza ni moja tu, nyumba inahamaje? Inahama kwa sababu ile sio nyumba kwa maana ya tofali juu ya tofali, ile ni kitanda. Kitanda ukihama unakifungua, unabeba mbavu na miguu, unaenda kukifunga kwingine na kinabaki kitanda kilekile.

Ngoja niwaeleze inavyofungwa maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Fundi wa zamani alikuwa anachukua mwaloni ukiwa bado mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka ni mgumu mpaka patasi inakukimbia, anauchonga kwa shoka na tezo, halafu fremu nzima ya upande mmoja wa nyumba anailaza chini uwanjani kwake na kujaribu kila maungio. Ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba, kwenye tundu lake, sawa, anaandika alama kwa ncha ya chuma, mara nyingi namba za Kirumi, moja kwa moja, mbili kwa mbili, maana kila ulimi umechongewa tundu lake na ukibadilisha haviingiliani. Akimaliza anafungua vyote, vinabebwa kwa mkokoteni mpaka kwenye kiwanja na kusimamishwa. Zile alama ukiingia nyumba za namna hii bado unazikuta kwenye nguzo ukitega tochi kwa ubavu. Kwa hiyo nyumba ya hivi imeshafunguliwa na kuhamishwa mara moja hata kabla mwenyewe hajalala humo!

Msumari wa chuma kwenye maungio hakuna, ni vigingi vya mbao. Na kuna ujanja mmoja ambao nilipofundishwa nilicheka peke yangu: tundu la kigingi kwenye ulimi unalitoboa likiwa limesogea milimita chache, lisilingane na matundu ya nje, sasa ukipigilia kigingi kinajipinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani mpaka mabega ya mbao yanagusana. Haihitaji gundi wala bolti. Mti ukikauka taratibu, miaka na miaka, unasinyaa kwa unene lakini kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuona, nyumba inajikunja hapa na pale ila kigingi hakiachii. Kule kupinda watu wanadhani ni uzee, kumbe sehemu kubwa ilitokea wakati nyumba bado kijana.

Ukuta wenyewe haubebi kitu. Katikati ya mbao wanasimamisha vijiti, wanasuka fito, halafu udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, juu chokaa. Yaani kukandika! Bibi yangu angeingia humo asingeshangaa chochote isipokuwa baridi.

Historia nitaipitisha haraka kidogo. Ilianza kama nyumba na biashara pembeni mwa soko, jina Shambles lenyewe ni la mabucha ya zamani, ikaja mikononi mwa familia ya Byrom, wauza vitambaa. Ghorofa ya tatu, ukihesabu na ya chini, iliongezwa karne ya 17. Leseni ya pombe imekuja 1830 ndo ikaitwa Vintners Arms, jina la Wellington lilikuja baadaye, kwa hiyo kwa miaka 278 ya kwanza haikuwa pabu kabisa. Na mwisho wa karne ya 19 juu kulikuwa na duka la vifaa vya kuvulia samaki, chini bia juu ndoano.

Miaka ya 1970 mji ukabomoa karibu kila kitu kuizunguka ili kujenga maduka ya zege. Yenyewe wakaiwekea kitako cha zege chini yake na mwaka 1974 wakaiinua nzima, karibu mita moja na nusu, ilingane na usawa mpya wa uwanja. Hapo hawakuifungua, waliinyanyua kama sinia.

Halafu Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1996 IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, wakaegesha lori lenye bomu la kama kilo 1,500 mtaa wa jirani, Corporation Street. Polisi walikuwa wamewahi kuwatoa watu, hakufa mtu ila waliojeruhiwa walizidi 200. Duka kubwa la Marks & Spencer, jengo la kisasa, liliharibika mpaka likabomolewa. Pabu iliumia lakini fremu ilibaki imesimama, na mimi sishangai sana, maungio ya vigingi yanacheza kidogo kabla ya kuvunjika, kioo na zege havina hiyo subira. Kilichoihamisha hasa ni ramani mpya ya mji, walitaka kupitisha mtaa mpya kuelekea kanisa kuu na pabu ilikuwa katikati ya njia. Wakaifungua, wakaibeba, wakaifunga upya.

Tafadhali msiniulize tena kama mbao zimetoka kwenye merikebu. Kila pabu ya zamani wanakwambia hivyo, ukiona tundu tupu kwenye boriti basi eti ni meli, wakati mara nyingi ni mbao ya nyumba nyingine iliyovunjwa, mwaloni haukuwa kitu cha kutupa. Na weusi pia, mwaloni ukiachwa hewani unakuwa kijivu kama fedha, kupaka lami na rangi nyeusi kumeshamiri sana karne ya 19. Kinachoniuma mimi ni saruji. Nimewahi kufungua ukuta wa nyumba moja ambao mtu aliziba udongo kwa saruji akidhani anaimarisha, maji yakaingia yakakosa pa kutokea, mguu wa nguzo ukawa unachotwa kwa kijiko. Chokaa inapumua, saruji haipumui.

Mimi kilevi situmii, naingia pale na soda yangu naangalia dari, wahudumu washanizoea. Mkifika tazameni pia jirani yake, pabu ya Sinclair's, ambayo ilihamishwa pamoja nayo. Kwenye picha za zamani zimepangana mstari mmoja na leo zimekaa kona kama herufi L, picha haijakosea.