Je, Wajua kwa Nini Baiskeli na Mwenda kwa Miguu Hugongana Huku Wote Wawili Wakikwepana?

Alasiri moja nilikuwa nikipita kwa baiskeli katika kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja, ambacho upana wake unawatosha watu watatu kwenda bega kwa bega na si zaidi, nikamkuta mzee anatembea taratibu mbele yangu, mkono mmoja ameshika bakora na wa pili mfuko wa mikate ya bofulo. Nikapiga kengele. Mzee akashtuka, akageuza uso, akasogea kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa nimekwisha kulielekeza gurudumu. Ncha ya usukani ikampiga kwenye kiwiko, mikate ikamwagika, naye akaangukia baraza ya nyumba iliyokuwa ubavuni mwake, kwa bahati njema bila kuumia. Nilimwomba radhi, nikaiokota mikate, kisha nikajitetea kwamba kengele nilipiga. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hiyo kengele imenambia niende wapi?"

Swali lile ndilo lililonifanya niyafuatilie mambo haya kwa makini. Tunapozungumzia kugongana kwa aina hii huwa tunamtafuta mzembe, na wazembe kweli wapo, lakini ajali ile ya kawaida ya kichochoroni na ya pembezoni mwa barabara huwakuta watu wawili wenye nia njema, kila mmoja akijitahidi kumpisha mwenzake. Kinachokosekana si huruma. Kinachokosekana ni habari: hakuna kati yao anayejua mwenzake amechagua upande gani, na anapokuja kujua huwa amechelewa.

Tufanye hesabu ndogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya huufikia katika barabara tambarare bila kujichosha, hukata mita 5 kila sekunde. Mwenda kwa miguu hukata takriban mita 1.4 katika sekunde hiyo hiyo. Baiskeli ikiwa nyuma yake, basi, humkaribia kwa mita 3.6 kila sekunde. Mwendeshaji akipiga kengele akiwa mita 3 nyuma, kama nilivyofanya mimi, humpa mwenzake muda usiotimia sekunde moja, na ndani ya muda huo masikio yanatakiwa yasikie, akili itambue kuwa ile ni baiskeli, ichague upande wa kwenda, kisha miguu itii. Mwili wa binadamu hauyawezi yote hayo kwa mpangilio. Unachokiweza ni kushtuka, na mtu aliyeshtuka huruka popote. Kengele hiyo hiyo ikipigwa mita 18 nyuma huleta sekunde 5, nazo zinatosha kwa mzee mwenye bakora kutazama, kuelewa na kusimama kando bila kuharakishwa.

Lakini hata ikipigwa mapema, kengele ina upungufu mwingine. Sisi hutambua upande inakotoka sauti kwa sababu sauti ya kuliani hulifikia sikio la kulia mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko la kushoto. Sauti inayotoka nyuma, katikati kabisa, huyafikia masikio yote mawili kwa pamoja, na hapo mtu hubaki hajui ni nyuma au ni mbele mpaka ageuze kichwa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hali huzidi, kwa kuwa kuta ndefu za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa zimesimama ana kwa ana, zinarudishiana mwangwi, na kengele moja husikika kama imelia kila upande. Isitoshe, wengi wetu tukigeuza kichwa huku tunatembea mabega hufuata, na hatua nazo hupinda kidogo kuelekea kule tunakotazama. Mzee wangu alitazama nyuma kupitia bega la kushoto, akajikuta kushoto, na sidhani kama kulikuwa na wakati wowote aliouamua upande huo. Tuongeze pia kwamba umri unapokwenda, sauti nyembamba ndizo zinazotutoka mwanzo, na kengele ya chuma ya baiskeli ni miongoni mwa sauti nyembamba kabisa barabarani. Yule tunayemlaumu kuwa hapishi huenda hajasikia kitu.

Upande wa mwendeshaji nako yapo mambo ambayo mtu asiyepanda baiskeli hayajui. Mwenda kwa miguu anaweza kusimama ndani ya hatua moja au kuchepuka kando papo hapo. Baiskeli haichepuki. Ili ipinde kushoto ni lazima kwanza ilalie kushoto, na ili ilalie kushoto gurudumu la mbele hugeuka kidogo kulia, kwa muda mfupi mno ambao hata anayeiendesha hautambui. Kwa hiyo inapobaki mita moja, hata mwendeshaji hodari hana nafasi ya kufanya hivyo. Vilevile baiskeli husimama wima kwa sababu ya mwendo wake, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo inavyoyumba, jambo linalomfanya mwendeshaji aone raha zaidi kupita haraka kuliko kufuata nyuma ya watu kwa mwendo wao. Hilo ndilo kishawishi kikubwa, na dawa yake ni kushuka na kuikokota. Nasema hivi nikijua kwamba wauza samaki na wabeba mikate wana haraka ya kweli, na mzigo ulio kwenye keria si kitu cha kupanda na kushuka kila baada ya hatua ishirini.

Lipo pia suala la macho. Gurudumu hufuata macho, na anayemkodolea macho mtu anayetaka kumkwepa mara nyingi huishia kwake. Anayejifunza baiskeli huambiwa atazame pale penye upenyo, asitazame kikwazo, na fundisho hilo linafaa kukumbukwa hata baada ya miaka thelathini ya kuendesha.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Mji wenye njia nyembamba hauwezi kuwa uliishi karne nzima bila kupata ufumbuzi, na Waswahili walikuwa nao kabla ya baiskeli kufika pwani. Wapagazi, wachukuzi na wenye punda walikuwa wakipaza sauti, "Simile!" au "Similla!", na wakiwa mbele ya kundi la watu, "Similleni!", yaani tupisheni. Kamusi za zamani zinalihusisha neno hili na bismillahi, na zinatoa mifano ambayo mimi naiona ina hekima nyingi: "Similla punda", "Similla ubao". Angalia kilichomo ndani ya maneno hayo mawili. Anayeambiwa ubao anajua, hata kabla ya kugeuka, kwamba kinakuja kitu kirefu ambacho ncha yake inaweza kumfikia kichwani, kwa hiyo hujibana ukutani na kuinama. Anayeambiwa punda anajua kuna magunia yanayojaza njia kulia na kushoto, na kwamba mnyama hasomi uso wa mtu, kwa hiyo huingia mlangoni. Kengele haina uwezo huo. Hulia namna moja kwa baiskeli tupu na kwa baiskeli iliyobeba makreti matatu ya soda.

Tangu siku ile nimetanguliza mdomo kabla ya kengele, nami nimejifunza kwamba maneno yenyewe nayo yanataka kuchaguliwa. Ukisema "Kulia!" hujasema kitu, maana yule aliye mbele hajui kama wewe unapita kulia au yeye ndiye anayetakiwa aende kulia, na wengi huitii kama amri, wakaingia pale pale unapotaka kupita. Hata "Napita kulia kwako" huwavuta baadhi ya watu upande huo, kwa kuwa neno la mwisho walilolisikia ndilo linalowaongoza. Nililoliona linafaa ni kumwambia mtu la kufanya yeye badala ya kumweleza nitakalofanya mimi: "Shikamoo bibi, kaa hapo hapo, napita taratibu." Mtu aliyesimama ni rahisi kumzunguka. Shikamoo yenyewe, ikitoka mita kumi na tano nyuma, humfikia kama sauti ya mtu na si ya chombo, humpa muda wa kuitika marahaba, na mara nyingi kabla hajamaliza kuitika huwa amekwisha kukupa njia.

Nchi nyingine zimefika mahali hapo hapo kwa njia ya sheria na miongozo. Uingereza iliporekebisha mwongozo wake wa barabarani mwaka 2022 ilimtaka mwendesha baiskeli asimpite mwenda kwa miguu kwa karibu wala kwa kasi, hasa kutokea nyuma, na amjulishe kuwa yupo kwa kengele au kwa kumwita kwa adabu, akikumbuka kuwa huyo mtu huenda hasikii au haoni. Japani, pale baiskeli inaporuhusiwa kupita njia ya waenda kwa miguu, inatakiwa iende polepole na isimame ikiwa inawazuia, wala kengele haikuwekwa ili kuwafukuzia watu njiani.

Nje ya mji mambo hubadilika. Katika barabara kuu zisizo na njia ya waenda kwa miguu, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani unamtaka anayetembea kwenye barabara nje ya mji akae upande unaomkabilisha na magari. Kwa Tanzania na Kenya, ambako magari hupita kushoto, upande huo ni wa kulia. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi ni wa kushoto, na anayevuka mpaka huhitaji siku kadhaa kuizoesha miguu. Baiskeli, kwa kuwa ni chombo, hufuata upande wa magari. Maana yake ni kwamba mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli hukutana uso kwa uso katika ukingo ule ule, na kila mmoja anautaka upande wa majani kwa sababu upande wa pili una malori. Hapo ndipo ile michezo ya kupishana inapotokea, huyu kushoto kwake, yule kulia kwake, mpaka wakakutana. Anayepaswa kuingia majanini ni mwenye miguu, kwa sababu lami ya barabara zetu nyingi imeachana na udongo kwa kimo cha kiganja, na gurudumu likishuka hapo huangusha. Lakini hilo halimpi mwendeshaji ruhusa ya kumsukumia mtu mtaroni. Apunguze mwendo, amwachie wakati wa kushuka, na kama analazimika kuingia barabarani atazame nyuma kwanza. Mkataba huo una kifungu kimoja ambacho wengi hawakijui: anayeikokota baiskeli, ingawa anatembea, hukaa upande wa magari, si upande wa waenda kwa miguu. Ukimwona mtu anasukuma magunia ya mkaa mlimani upande wa kushoto, hajakosea.

Mkaa huo unatukumbusha uzito. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya chuma ya kilo 20, akiwa na mzigo wa kilo 40, ni kilo 125 zinazotakiwa kusimamishwa na vipande vya mpira vinavyobana rimu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuumiza huzidi mara nne. Breki ikikamatwa uzito mwingi huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, na hiyo ndiyo ninayoikuta imekufa katika baiskeli nyingi ninazoziazima, kwa kuwa wenyewe waliwahi kupinduliwa nayo wakaiogopa. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma huteleza, na mizunguko ya mwanzo ya gurudumu huishia kufuta maji tu. Anayegongwa naye mara nyingi haumizwi na baiskeli bali na ardhi, anapoanguka kichalichali kwa kichwa au, akiwa mzee, kwa nyonga.

Usiku huongeza shida yake. Baadhi ya taa za baiskeli zetu bado zinapata umeme wa dainamo inayosuguana na tairi, na dainamo hufifia mwendo unapopungua. Kwa hiyo yule mwendeshaji mwema anayepunguza mwendo kwa kuwa ameona watu mbele, wakati huo huo hupoteza mwanga wa kuonwa nao, na katika giza lile kinachobaki cha kuwajulisha kwamba anakuja ni sauti yake.