Kontroli boksi imekufa? Dhana potofu kuhusu kubadilisha kompyuta ya injini kwa fedha kidogo

Kwa mwenye Toyota Vitz au IST ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyonunuliwa mtumba kutoka Japani na inayotegemewa kupeleka watoto shule na mzigo sokoni, ni kauli chache za fundi zinazoshtua kama hii: "Kontroli boksi imekufa." Hilo ndilo jina la gereji la kompyuta ya injini, kisanduku kinachopokea taarifa za sensa na kuamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi zipate moto wakati gani. Nimeshuhudia watu wakikopa ili kununua kisanduku hicho, kisha gari likabaki pale pale lilipoegeshwa, kwa sababu kifaa kilinunuliwa kabla ya kuthibitika kwamba cha zamani kimekufa kweli. Jambo hilo linaniuma, maana kipimo ambacho kingeokoa fedha hizo huchukua chini ya nusu saa na hakihitaji zaidi ya multimita ya kawaida, yaani kifaa cha mkononi cha kupimia umeme.

Dhana: Gari likikataa kuwaka na mashine ya kupimia hitilafu ikashindwa kusoma, kontroli boksi imeungua.

Ukweli ni kwamba kompyuta ya injini isiyopata umeme hunyamaza sawasawa na iliyokufa, na mashine ya kupimia haiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Kisanduku kinahitaji umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, umeme mwingine unaokuja swichi inapofunguliwa kupitia rilei kuu ya injini (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na ethi safi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwenye bodi au kwenye injini yenyewe. Fyuzi moja iliyokatika, rilei iliyochoka au boliti ya ethi iliyoshika kutu inatosha kukinyamazisha. Stata kuzungusha injini si ushahidi wowote, kwa kuwa katika magari mengi ya umri huo stata hufanya kazi bila kuitegemea kompyuta ya injini. Hata kodi (namba ya hitilafu) ya U0100, ambayo mafundi wengi huisoma kama cheti cha kifo, maana yake ni kwamba visanduku vingine vya gari vimekosa mawasiliano na kompyuta ya injini. Haisemi kwa nini.

Kipimo cha kwanza ni cha macho. Fungua swichi bila kupiga stata na utazame taa ya cheki injini. Katika Toyota za miaka hiyo taa hiyo inatakiwa iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, ama umeme haufiki kwenye kisanduku, ama kuna kitu kinachokikaba.

Hicho kinachokikaba ndicho kilichotupata sisi nyumbani. IST yetu ilizima ghafla, taa ya cheki injini haikuwaka tena, mashine haikusoma, na fundi wa kwanza alitutajia bei ya kontroli boksi siku hiyo hiyo. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole asiye na haraka, alichomoa soketi ya sensa ya presha ya hewa, akaingiza ncha ya multimita kwenye waya ambao hupeleka volti 5 kwa sensa, nayo ikasoma 0.02. Akaniomba nishike multimita na kuitazama. Alipochomoa soketi ya sensa iliyo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), namba ikaruka mpaka 4.98, na taa ya cheki injini ikawaka mbele ya macho yangu. Maji ya kuoshea injini yalikuwa yameingia ndani ya sensa hiyo na kuuunganisha umeme wa volti 5 na ethi, na kwa kuwa sensa kadhaa hushirikiana umeme huo, kompyuta nzima ikalala. Tulinunua sensa tu, na kisanduku kile kinafanya kazi hadi leo.

Ethi nayo ipimwe wakati gari likiwa kazini. Weka ncha moja ya multimita kwenye waya wa ethi wa kontroli boksi na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, kisha mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 au hivi, kuna kiungo kibovu njiani na hicho ndicho cha kushughulikia kwanza. Betri yenyewe iwe na volti 12.4 au zaidi kabla ya kuanza, kwani betri dhaifu huzaa kodi za uongo ambazo zinaweza kumhangaisha fundi siku nzima.

Dhana: Kontroli boksi ikishaungua haitengenezeki.

Nyingi zinatengenezeka, na kwa mwenye fedha kidogo hii ndiyo njia ya kujaribiwa kabla ya kununua nyingine. Magari ya miaka ya 1990, hasa Mitsubishi na baadhi ya Toyota, yana ugonjwa unaojulikana wa kuvuja kwa kapasita, vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi ya kisanduku: maji yake hutambaa kwenye bodi na kula njia za shaba. Ukifungua kifuniko utaona madoa ya kahawia au ukungu wa kijani chini ya kapasita, na mara nyingi pua itakwambia mapema, kwa kuwa maji hayo hutoa harufu kama ya samaki. Kapasita zenyewe ni rahisi sana. Kinacholipiwa ni mkono wa fundi anayejua kuyeyusha risasi ya kuunganishia bila kung'oa njia za shaba. Kapasita zinazowekwa ziwe za kuhimili nyuzi 105 za Selsiasi, na bodi isafishwe kabisa, la sivyo yaliyobaki yataendelea kula. Viungo vya risasi vilivyopasuka, pamoja na transista zinazoendesha koili au nozeli, vinabadilishika pia.

Wa kumtafuta hapa ni fundi wa elektroniki, na si lazima awe wa magari. Bodi iliyolowa maji ya bahari kwa siku nyingi, au ambayo prosesa yake (chipu kuu) imeungua, kwa kawaida haina faida kuihangaikia.

Dhana: Kontroli boksi yoyote ya gari la aina hiyo itaingia.

Soketi itaingia, lakini injini inaweza isiwake. Kontroli boksi za Toyota huwa na lebo yenye namba inayoanza na 89661, ikifuatiwa na kistari na tarakimu nyingine tano, na tarakimu hizo ndizo zinazoeleza kama kisanduku ni cha gia za otomatiki au za manyuo, cha injini ipi, na cha gari la soko lipi. Visanduku viwili vyenye umbo moja na soketi zilezile vinaweza kutofautiana ndani kiasi kwamba gia hazibadiliki au injini inakosa nguvu. Kwa hiyo unapokwenda Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, usitaje jina la gari peke yake. Nenda na cha zamani mkononi, au picha ya lebo yake inayosomeka, na ulinganishe tarakimu moja moja.

Kizingiti kikubwa zaidi ni imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi wa gari. Gari lenye chipu ndani ya ufunguo huwasha injini pale tu kompyuta inapoutambua ufunguo huo, na kisanduku kutoka gari jingine hakiujui wako. Magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakufungwa imobilaiza, na hapo kisanduku chenye namba ileile kwa kawaida hufungwa na gari likawaka. Yakiwa nayo, zipo njia tatu: kununua seti kamili ya kontroli boksi, imobilaiza na ufunguo wenye chipu yake kutoka gari moja, kusajili upya, ambako baadhi ya Toyota huruhusu kwa kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya kupimia huku swichi ikiwa imefunguliwa kwa dakika 30, au kuhamisha kumbukumbu ya kisanduku cha zamani kwenda kilichonunuliwa. Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa mwenye kipato kidogo, kwa kuwa kumbukumbu hiyo mara nyingi hukaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8 ambayo hubaki salama hata sehemu nyingine za bodi zikiungua. Hii ndiyo sababu namsihi kila mwenye gari asimwachie mtu kontroli boksi yake mbovu, wala asikubali ichukuliwe kama punguzo la bei. Ikipotea, na siri za ufunguo zimekwenda nayo.

Na muuzaji akubali kwa maandishi kwamba kisanduku kisipofanya kazi kitarudishwa.

Dhana: Ukishafunga nyingine, tatizo limekwisha.

Kontroli boksi mara chache hujifia yenyewe, na kisanduku cha pili kikifungwa juu ya kilichoua cha kwanza kinaweza kuungua siku ileile. Katika Nissan kadhaa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji ya rejeta yaliingia kwenye mota ya kurekebisha sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), mota ikapiga shoti, na transista inayoiendesha ndani ya kompyuta ikaungua. Aliyebadilisha kompyuta bila kubadilisha mota aliunguza mbili. Kabla ya kuchomeka kisanduku kipya, pima ukinzani wa kila nozeli, ambao kwa aina inayotumika katika magari mengi ya petroli huwa kati ya omu 12 na 16, kisha kagua koili zinazozipa plagi moto na mota hiyo ya sailensi. Pima chaji ya alteneta: volti 13.5 hadi 14.5 ni ya kawaida, lakini inayozidi 15 inaua elektroniki. Uliza pia historia ya karibuni, kama gari lilichomelewa bila kuchomoa betri, au lilibustiwa kwa waya zilizogeuzwa.

Kisha ingiza mkono chini ya kapeti upande wa abiria. Katika Toyota ndogo nyingi kisanduku kimekaa nyuma ya droo ya dashibodi, na bomba la kutolea maji ya AC likiziba, au mpira wa kioo cha mbele ukiachia, maji huteremka ndani upande huo huo. Kapeti ikiwa na unyevu, ukarabati uanzie hapo.

Dhana: Kubadilisha kontroli boksi kunaharibu hesabu ya kilomita.

Katika Toyota nyingi kilomita huhifadhiwa kwenye dashibodi, kwa hiyo hazibadiliki. Kitakachobadilika kwa siku chache ni sailensi, ambayo inaweza kupanda na kushuka mpaka kompyuta ijifunze injini. Siku ya kufunga, chomoa kwanza waya hasi wa betri, gusa chuma cha bodi kabla ya kukishika kisanduku, na usiviguse vidole vya soketi. Cha zamani kikaushe, ukifunge kwenye mfuko wenye namba ya gari, ukiweke nyumbani.