Kwa nini safari yetu ya kuwaenzi manusura wa Bududa itaanzia Kalangala

Vijana ninaowafundisha kuendesha ubao wa tanga hapa Entebbe wameamua kuvuka Ziwa Victoria kwa heshima ya manusura wa maporomoko ya Bududa. Bududa iko kwenye Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, na baadhi yao wana jamaa huko. Walitaka waondoke Entebbe tarehe 1 Machi, siku ambayo mwaka 2010 mlima ulishukia kijiji cha Nametsi na kufukia mamia ya watu, kisha wafike Kalangala, katika visiwa vya Ssese. Safari naiunga mkono kwa moyo wote. Tarehe hiyo na mwelekeo huo nimevikataa, na kwa kuwa wazazi nao wananiuliza sababu, naieleza hapa.

Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka pwani zote na kukutana ziwani. Hewa ikikutana hupanda juu, na hapo ndipo radi za usiku huzaliwa. Nyingine bado zinanguruma saa tatu asubuhi. Mchana mambo hugeuka. Bara hupata joto, upepo hutoka ziwani kuja pwani, na kwetu wa ufuko wa kaskazini unavuma kutoka kusini na kukaza baada ya saa sita.

Kalangala iko kusini-magharibi mwa Entebbe, ng'ambo ya ikweta, kama kilomita 45 kwa mstari ulionyooka. Ukitoka Entebbe alfajiri, upepo wa nchi kavu unakusukuma kule kule ambako mawingu ya usiku hayajaisha. Ukichelewa, upepo wa mchana unakukuta usoni, na itakubidi ukatize huku na huku dhidi yake hadi mikono ikatae kushika. Anayeanzia Kalangala anakaa ufukoni, anakunywa chai, anatazama mawingu yakitawanyika, halafu upepo unamjia kwa nyuma ubavuni na kumleta nyumbani.

Upepo wetu kwa kawaida ni mwepesi, kwa hiyo mbao fupi za kwenda kasi zibaki ghalani. Zinahitaji upepo mkali ili ziteleze juu ya maji. Ukilegea, zinazama chini ya miguu yako katikati ya ziwa. Tutatumia mbao ndefu zenye bapa la katikati linaloshushwa majini ili usipeperushwe pembeni, pamoja na matanga makubwa.

Kuhusu tarehe, Machi masika yanaanza. Kule Elgon, udongo wa mfinyanzi kwenye mteremko mkali uliopoteza miti hunywa maji hadi ukawa mzito kupita kiasi, kisha unaachia. Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na matope Bukalasi, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Hiyo yote ni miezi ya mvua, na mvua hizo huleta radi ziwani pia. Tena, tarehe 1 Machi ni siku ya maombolezo ya wenyewe kule mlimani. Tuwaachie. Sisi twende Julai, wakati upepo wa kusini-mashariki unavuma bila kubadilika-badilika.

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri: mbona Victoria, wakati maji ya Bududa hayafiki huku? Ni kweli. Mto Manafwa wa kule huingia mto Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga, kisha Nile, ambayo hupita wilaya ya Kiryandongo, kule kule walikohamishiwa manusura wengi baada ya 2010. Ukitazama maana ya safari, Kyoga ndilo ziwa lililostahili. Lakini Kyoga ni la kina kifupi, na visiwa vya mafunjo na magugu maji huelea vikifunga njia. Pezi la ubao likinasa humo, safari imekwisha.

Kuna jambo linalonigusa kuliko yote haya. Wafadhili walipendekeza kuchangia kwa kila kilomita itakayovukwa. Nimekataa kabisa. Watu wa Elgon wanajua nyufa za ardhini zinasema nini, lakini kuacha shamba la kahawa na makaburi ya wazee si jambo jepesi, na wapo waliohamishwa ambao walirudi. Nani awalaumu? Sasa sisi, tusio na shamba la kupoteza, tukiwaweka vijana mahali ambapo kugeuza kunawanyima manusura pesa, tutakuwa tumewafunga kwenye ubao mbele ya wingu jeusi. Mchango utolewe wote kabla ya safari, na uende kwa manusura hata kama hakuna tanga litakalopandishwa.

Utabiri wa hali ya hewa tutausoma jioni na asubuhi. Kila mmoja atavaa jaketi la kuokolea na kubeba filimbi na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na boti ya kusindikiza iwe na injini mbili. Saa saba mchana ikifika kabla upepo wa kusini haujaingia, hatuondoki. Tunalala Kalangala na kujaribu kesho yake.