Kupima mnato ndani ya seli hai: usiamini mng'ao peke yake

Kwa watu wa maabara za kifua kikuu, auramini O ni jina la kila siku. Ndiyo rangi inayowekwa kwenye slaidi ya makohozi ili vimelea vya TB vionekane viking'aa kwenye hadubini ya fluoresensi. Wengi hawajui kwamba rangi hiyohiyo ikiyeyushwa kwenye maji inabaki karibu giza tupu, ila kwenye gliserini inawaka. Mwaka 1956 Gerald Oster na Yasunori Nishijima walieleza sababu yake: mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyogoma kutiririka.

Wanafunzi wangu hapa Mtwara huniuliza kimiminika kizito kinawezaje kuwasha rangi. Molekuli ya aina hii, tunayoiita rota, ina kipande kinachoweza kujizungusha. Ikishameza mwanga, ina njia mbili za kuitua nishati ile: kuitoa tena kama mwanga, au kujipinda na kuipoteza kama joto. Mwiko kwenye uji huzunguka utakavyo. Kwenye ugali uliokaza mkono unachoka. Basi kwenye kimiminika chepesi rota hujipinda upesi na mwanga hautoki. Kwenye kizito inabanwa, inang'aa. Mwaka 1971 Förster na Hoffmann waliliwekea jambo hili hesabu: ukichora logi (logariti) ya mng'ao dhidi ya logi ya mnato unapata mstari ulionyooka, na nadharia yao inatabiri mteremko wa theluthi mbili.

Uzuri wake ni udogo. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Hakuna kipima mnato cha kawaida kitakachoingia humo. Rota inaingia.

Lakini hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza kazi hii. Sehemu moja ya seli ikiwaka kuliko nyingine, huenda pana mnato mkubwa, au huenda rangi imejazana tu hapo. Picha ya mng'ao peke yake haitakwambia ni lipi. Pima muda: baada ya mpigo wa leza, rota inakaa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) ngapi kabla ya kutoa mwanga wake? Muda huo hautegemei wingi wa rangi. Mwaka 2008 Marina Kuimova na wenzake wa Imperial College London walitumia rota ya BODIPY, jamii ya rangi zinazong'aa, na mnato ulipopanda kutoka milipaskali-sekunde (kipimo cha mnato) 28 hadi 950, muda ulipanda kutoka nanosekunde 0.7 hadi 3.8. Kwenye seli hai walipata mnato unaozidi wa maji zaidi ya mara 100. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu: ni ya pale rota ilipotua, penye mafutamafuta, wala si ya seli nzima. Kwenye majimaji ya seli, molekuli ndogo hukutana na mnato uliozidi kidogo tu ule wa maji.

Kabla ya seli kuna kalibresheni, yaani kuipima rota kwanza kwenye vimiminika ambavyo mnato wake unajulikana, na huku pwani ndiyo inayotaka macho. Tunachanganya methanoli na gliserini kwa viwango mbalimbali. Gliserini safi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ina mnato wa takriban milipaskali-sekunde 1,400. Kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la mchana wa Mtwara, unabaki takriban 600. Tena inavuta unyevu: acha chupa wazi kwa upepo wa bahari wa Shangani na mnato unashuka bila wewe kuona chochote. Funga chupa, andika joto la kila sampuli, na kama seli zako zitapimwa kwenye nyuzi 37, kalibresheni nayo iwe kwenye nyuzi 37.

Kazi ninayoitamani zaidi ni ya selimundu, ugonjwa unaotesa watoto wetu. Oksijeni inaposhuka, hemoglobini S, ile ya wagonjwa hawa, hushikana nyuzinyuzi na seli inakakamaa. Kuufuata mnato wa ndani wakati huohuo, seli moja moja, kungetuonyesha dawa inachelewesha nini hasa. Kikwazo ni hemoglobini yenyewe, maana inameza sana mwanga wa buluu na wa kijani. Rota ya kazi hiyo inabidi imeze mwanga mwekundu na kung'aa kwa mwanga mwekundu vilevile, kuanzia nanomita 650 hivi kwenda juu.