"Marafiki ndo wamemharibu"

Juzi tena. Mama kaingia ofisini, hata kukaa hajakaa: "Mwalimu, mwanangu hakuwa hivi, marafiki ndo wamemharibu." Sawa mama, karibu kiti. Baadae kidogo akaja mama wa huyo rafiki, maneno yale yale, utadhani wamekopishana. Miaka yote hii niko ushauri nasaha sijawahi kukutana na mzazi wa yule anayeharibu wenzie. Labda ni mlinzi.

Kisa chenyewe, madogo wanne wa form two waliruka ukuta muda wa prepo wakaenda kibanda umiza kucheki mechi. Nikawaita mmoja mmoja, nani alisema twende? Hakuna. Na nawaamini. Mmoja alisema tu "leo kuna mechi", mwingine akacheka, wa tatu akaanza kufunga kamba za viatu, wa nne alipoona viatu akajua ishapita hiyo. Halafu watatu kati yao wananiambia hawakutaka kwenda, kila mmoja alidhani muoga ni yeye peke yake! Sasa hapo nani kamshawishi nani? Presha ya rika mara nyingi haina mdomo, mtoto anajisukuma mwenyewe kwa kile anachohisi wenzie wanawaza, na sisi tuko bize kumtafuta kiongozi wa genge.

Na hawa hawakuokotana njiani jamani. Mtafiti Denise Kandel alifuatilia marafiki wa high school kule Marekani, matokeo yakatoka 1978, akaona kufanana kwao kwenye mambo kama bangi kunatoka pande zote mbili karibu sawa: wanaigana ndiyo, ila pia walichaguana sababu walishafanana toka mwanzo. Hiyo nusu ya pili wazazi hawataki kabisa kuisikia.

Halafu kuna majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, yale ya kulinganisha urefu wa mistari, useme upi unafanana na upi. Kundi zima kasoro mmoja limepangwa lijibu uongo, na huyo mmoja anayepimwa alifuata karibu theluthi ya mara hizo, wakati jibu liko wazi kabisa. Akiwekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka vibaya mno. Wale walikuwa wanachuo, sio watoto wa form two, lakini usiku ule alitakiwa mmoja tu aseme "mi nimechoka, siendi". Ukimtenga mwanao na marafiki wote, huyo mmoja utamtoa wapi?

Ila kinachonikosesha usingizi ni dogo wa tano. Alibaki. Patroni alipomuuliza wenzie wako wapi akajibu wako chooni. Akapewa adhabu sawa na walioruka, na mimi nilikuwemo kwenye kikao, nikakaa kimya. Huwa nawaambia siri inayoweza kumuumiza mtu sio siri, iseme. Rahisi kwangu, nalala nyumbani kwangu. Yeye analala kitanda cha juu ya mmoja wao, akisema ataitwa snichi mpaka amalize form four. Kwahiyo alitakiwa afanye nini? Nimeliwaza hili wiki mbili, bado sina jibu la kumpa.

Kina mama walidai watoto watenganishwe mabweni, wakatenganishwa. Jana nimewakuta dining, meza moja, na wa tano kaongezeka.