Intaneti yetu haishuki kutoka angani

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipozorota Afrika Mashariki, wengi walitazama juu: "Setilaiti imeharibika." Wizara inayosimamia mawasiliano Tanzania, wakati huo ikiongozwa na Nape Nnauye, ilieleza kwamba hitilafu ilikuwa chini ya bahari, kwenye nyaya za EASSy na SEACOM, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Dhana ya setilaiti haikuzuka hivihivi. Hadi 2009 ilikuwa kweli: data zilipanda takriban kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, zikashuka ng'ambo, na jibu likarudi vivyo hivyo. Safari hiyo ndefu ilichelewesha sauti pia, ndiyo maana ukipiga simu ya nje ulikuwa unasema "haloo" mara mbili, mnagongana maneno. Mwaka huo serikali ya Kenya, ikishirikiana na kampuni za simu, ilifikisha Mombasa mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000. SEACOM nao ukatua Mombasa na Dar es Salaam.

Na mnara ule wa mtaani? Wenyewe ni kituo tu. Simu yako inaongea nao kwa redio, kisha data zinashika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zilizofukiwa kando ya barabara hadi pwani. Greda la wachimba mtaro likizikata, mtaa mzima unaanza kulaumu mawingu.

Setilaiti bado zipo, Starlink ikiwemo, lakini mzigo mkubwa unapita baharini.